Boti ya starehe ikizama, nani anahesabu?

Hivi tulikuwa wangapi ndani ya ile boti? Mpaka leo hakuna anayejua.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka 2019, Mwanza. Jamaa zangu walichanga hela tukapanda boti moja ya matembezi. Jina siliweki hapa, wenyewe wanajijua. Mpango ulikuwa kuzunguka ziwani, kufika kisiwa fulani, kula samaki, muziki kidogo, halafu kurudi kabla jua halijazama. Mimi nilihesabu vichwa 31. Rafiki yangu akasema 34, maana yeye alihesabu na watoto waliopakatwa. Nahodha alipoulizwa akajibu bila hata kugeuka: "Tupo ishirini na tano." Kisa? Ubavuni mwa boti pameandikwa abiria 25. Mzee mzima hahesabu watu, anasoma rangi.

Tukiwa katikati ya maji mashine ikazima. Upepo nao ukaanza kuleta ubishi. Tulielea karibu saa moja na nusu, muziki kimya, kila mtu anajua ghafla jina la mungu wake. Wimbi moja likatupiga ubavuni, watu wakakimbilia upande mmoja, na dada mmoja akaanguka na kupiga paji la uso kwenye chuma cha benchi. Wavuvi wa dagaa ndio waliotuvuta hadi nchi kavu. Kwenye zahanati yule dada alishonwa nyuzi nne. Muuguzi akaandika kwenye daftari lake: ameanguka. Basi. Ziwa halikutajwa, boti haikutajwa. Jumamosi iliyofuata nikaiona boti ile ile imeshapakia tena.

Wadau, nimeanza na hiki kisa kidogo makusudi. Hakuna aliyekufa, na ndiyo maana kimeniganda. Baadaye nilikaa intaneti kutafuta jambo moja tu: ajali kama ile, kwa wenzetu wenye tabia ya kuandika kila kitu, ingehesabiwa? Jibu nililolipata ni refu kuliko nilivyodhani, na katikati yake kuna vituko.

Wamarekani wanapenda boti kama sisi tunavyopenda bodaboda. Boti za starehe zilizosajiliwa kule ni milioni 11 na ushee. Wana sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971, na kila mwaka Walinzi wa Pwani wao wanatoa kitabu cha takwimu za ajali za boti za starehe peke yake. Utaratibu uko hivi. Ajali ikitokea, mwenye boti au nahodha anatakiwa kujaza fomu kama kuna mtu amekufa, au amepotea, au ameumia kiasi cha kuhitaji matibabu yanayozidi huduma ya kwanza, au hasara ya mali imefika dola 2,000, au boti imepotea kabisa. Ajali ya kifo au majeruhi ana saa 48. Ya mali tupu, siku 10. Fomu inakwenda kwanza kwa jimbo, jimbo linaipeleka juu.

Kwa kipimo hicho, nyuzi nne za yule dada ni ajali. Tungepata mstari wetu kitabuni. Na kwenye fomu kungekuwa na maswali: boti ya aina gani, hali ya hewa ilikuwaje, nahodha amesomea au amejifunzia barabarani, kuna pombe, watu walikuwa wangapi, wamevaa majaketi okozi au yamekaliwa kama mito.

Hapo nikawa nimeshaanza kuwasifia, mpaka nilipozitazama namba zao za mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2000 waliandika ajali 7,740. Mwaka 2001 zikawa 6,419. Mwaka 2002 zikawa 5,705. Ukiziona hivyo unasema safi sana, ndani ya miaka miwili wamepunguza ajali 2,000. Sasa angalia vifo vya miaka hiyo hiyo: 701, halafu 681, halafu 750. Ajali zinashuka, maiti zinapanda. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu mwaka 2001 walibadilisha kipimo cha hasara. Kabla ya hapo boti ikipata hasara ya dola 500 unaijaza fomu. Wakapandisha hadi dola 2,000. Maelfu ya migongano midogo ikatoka kwenye daftari kwa kalamu, wala si kwa uangalifu wa manahodha. Ziwa ni lile lile, mawimbi ni yale yale. Sijui kama kuna mwanasiasa aliyesimama kujisifia kwamba ajali zimepungua, ila ningekuwa mimi mshauri wake ningemwambia wahi.

Kifo lakini hakina kipimo cha dola. Ndiyo maana watu wanaozijua hizi takwimu wanaangalia zaidi safu ya vifo, na Walinzi wa Pwani wenyewe wanakiri kwamba ajali zisizo na kifo nyingi haziripotiwi. Fikiria mwenyewe: umegonga mwamba, boti imepasuka, umekunywa bia sita. Utakwenda kujaza fomu ujishitaki?

Hata kwenye vifo kuna milango ya kutokea. Mtu aliyeruka toka kwenye boti kwenda kuogelea tu akazama, mara nyingi hahesabiwi, kwa hoja kwamba boti haikumfanya kitu. Aliyepata mshtuko wa moyo akiwa ameshika usukani, hahesabiwi. Na kuna hili ambalo lilinifanya nisimamishe kusoma nikatoke nje kidogo. Julai 19, 2018, kwenye ziwa Table Rock huko Missouri, watalii 29 na wafanyakazi wawili walikuwa kwenye chombo kinachotembea nchi kavu na majini. Dhoruba ikawakuta, chombo kikazama, watu 17 wakafa, na ndani yake familia moja ilipoteza watu tisa. Walikuwa likizo, wameenda kustarehe. Ila kile chombo kilikuwa cha biashara, kinakaguliwa kama chombo cha abiria, kwa hiyo wale 17 hawamo kwenye kitabu cha boti za starehe cha mwaka huo. Wako kwenye daftari jingine. Starehe, kwa lugha ya kitabu kile, ni ya mwenye boti. Ukilipa nauli, wewe ni abiria.

Sawa, kila takwimu lazima ichore mstari mahali. Mradi mtu aliyekatwa hapa anapokelewa pale. Kule wale 17 walipokelewa: kukawa na uchunguzi, kukawa na ripoti, idadi ya waliokuwemo ilijulikana siku ile ile, 31.

Sasa turudi kwetu, mwaka huo huo wa 2018.

Jumamosi ya Novemba 24 watu wa Kampala walitoka kwenda kula raha ndani ya Ziwa Victoria kwa boti iitwayo MV Templar. Muziki, vinywaji, vijana waliopendeza, watu wanaojulikana mjini. Jioni ikazama karibu na ufukwe wa Mutima, wilaya ya Mukono. Serikali ya Uganda ikasema haikuwa na leseni, ilikuwa mbovu, na ilijaza kupita kiasi: uwezo wake ulitajwa kuwa watu 50. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hata mmiliki wake alikuwa ndani, naye akafa.

Walikuwa wangapi kwa jumla? Soma magazeti ya wiki ile. Huyu kaandika 90 na ushee, yule zaidi ya 100. Hakukuwa na orodha. Sherehe ile watu walipanda kwa kuitana kwenye simu, njoo bwana tuko ufukweni tunakusubiri. Kwa hiyo hesabu ikafanyika kinyumenyume: wangapi wametolewa wakiwa hai, wangapi wamelazwa mchangani, halafu ndugu gani wanapiga simu wakisema wa kwetu hajarudi. Mtu ambaye ndugu zake hawakujua kama siku ile alikwenda ziwani, au ambaye hana wa kumpigia simu, huyo anaingia kwenye hesabu kwa njia gani? Haingii.

Hii ndiyo tofauti iliyonikaa kichwani. Kule wanabishana mstari uchorwe wapi. Huku tunaanza kuhesabu baada ya maiti ya kwanza.

Na msiseme ni boti za starehe tu zisizo na mwenyewe. Miezi miwili kabla ya Templar, Septemba 20, 2018, kivuko cha serikali MV Nyerere kilipinduka hatua chache kutoka gati la Ukara. Kilikuwa cha kubeba watu 101. Waliokufa ni 228. Siku zile za mwanzo viongozi wa mkoa walikuwa wakisema hawajui idadi ya waliokuwemo, maana aliyekuwa akikata tiketi amekufa na mashine yake haijapatikana. Orodha ilikuwepo, tatizo ilisafiri pamoja na abiria. Boti ikizama, na orodha inazama. Kule Zanzibar, MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, maiti zilizopatikana zilikuwa mia mbili na kitu, lakini tume ilipomaliza kazi mwaka uliofuata, ikikusanya majina ya wasioonekana, jumla ikawa 1,573. Fikiria pengo hilo. Watu 1,370 waliingia kwenye hesabu kwa sababu tu kuna ndugu walikwenda kusema.

Haya ni meli na vivuko, vina serikali nyuma yake, lazima tume iundwe. Boti ya matembezi ya watu ishirini na tano, ambao ni 31, au 34, nani ataiundia tume?

Labda utasema: si kuna namba ile ya Ziwa Victoria, watu 5,000 wanakufa kila mwaka? Hata mimi nilikuwa naitumia kwenye ubishi kijiweni. Utaikuta kila mahali, wengine wanaandika 3,000 hadi 5,000. Lakini ukiiangalia vizuri ni makadirio. Haijatokana na daftari la Tanzania likajumlishwa na la Kenya na la Uganda. Imerudiwa sana mpaka ikaota mizizi. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa pungufu ya kweli. Lakini ni namba ambayo huwezi kuigawanya. Huwezi kuiuliza: kati ya hao wavuvi wangapi, abiria wangapi, wangapi walikwenda kustarehe? Wangapi walivaa jaketi? Usiku au mchana? Haijibu. Ni namba ya kutisha tu.

Waganda angalau walijaribu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walipita kwenye kumbukumbu za wilaya 60, za kuanzia Januari 2016 hadi Juni 2018, wakapata matukio ya kuzama zaidi ya 1,400, yenye vifo na yasiyo na vifo. Hiyo ni kazi ya mtu kukaa na daftari la polisi, la zimamoto, la mochari, akalinganisha. Hapo sasa unaweza kuanza kuzungumza.

Ukipanda juu kabisa, kwenye Shirika la Afya Duniani, unakuta kituko kingine. Ripoti yao ya mwaka 2024 inasema watu 300,000 hivi walikufa kwa kuzama mwaka 2021 duniani kote. Namba kubwa, tena inatajwa kila Julai 25 kwenye siku ya kuzuia kuzama. Ila ndani ya namba hiyo hawamo waliokufa kwa mafuriko, na hawamo waliokufa kwenye ajali za vyombo vya majini. Kwa vitabu vya kitaalamu hao ni wa usafiri, kundi moja na waliogongwa na mabasi. Kwa hiyo mtu wa Templar alizama majini, akafa kwa maji kwenye mapafu, lakini kwenye hesabu kuu ya dunia ya waliozama hayumo. Na kwa kuwa huku kwetu hatuna kitabu cha boti za starehe, kwenye safu ya pili nako hayumo. Ameangukia katikati ya madaftari mawili.

Kuna msomaji nitamjibu mapema, namjua, atasema: kuhesabu hakuokoi mtu, tununulieni majaketi. Mkuu, nakuelewa, ila umejuaje kwamba ni jaketi? Wamarekani mwaka 1973 walipoteza watu 1,754 kwenye boti za starehe. Mwaka 2024 walipoteza 556, na boti zimeongezeka mno katikati hapo. Sisemi fomu ndiyo iliyowaokoa. Lakini ile fomu ina swali la jaketi, na kwa kuwa swali limeulizwa mwaka baada ya mwaka, wanajua kwamba karibu robo tatu ya wanaokufa wanakufa kwa kuzama, na kati ya hao waliozama, 87 kwa kila mia hawakuwa wamevaa. Wanajua pia kwamba pombe inaongoza kati ya sababu zinazojulikana za ajali zenye vifo. Mwaka wa korona, 2020, watu walipokimbilia majini kwa kukosa pa kwenda, waliona vifo vimeruka kutoka 613 hadi 767 na wakajua ni mwaka gani na boti gani. Sisi tunajua kwa kuhisi. Na mtu anayehisi hana hoja mbele ya afisa anayeidhinisha bajeti.

Sitaki tuige kila kitu. Kiwango chao chenyewe kina kilema: wanagawa vifo kwa boti zilizosajiliwa, wakapata 4.8 kwa kila boti 100,000 kwa mwaka 2024, wakati vifo vya watu wa mitumbwi midogo, ambayo majimbo mengi hayaisajili, vimo kwenye hesabu. Juu wapo, chini hawapo. Ukitumia ujanja huo kwetu, ambako boti nyingi hazijulikani hata zipo, utapata namba ya kuchekesha.

Ninachokitaka ni kidogo mno. Boti yoyote inayochukua watu kwa hela, iwe ya kwenda kununua samaki au ya kwenda kucheza muziki, iache majina ufukweni kabla haijaondoka. Si ndani ya boti. Ufukweni, kwa mtu anayebaki. Kule kwa wenzetu wana karatasi ya namna hiyo, mwenye boti anamwachia jirani au mke: tunakwenda wapi, tuko nani na nani, tusiporudi saa fulani pigeni simu. Ni ya hiari, haina sheria. Kwetu TASAC wanakagua vyombo na kutoa leseni, sawa, lakini mkaguzi hawezi kukaa kila mwalo siku ya Idd na siku ya Pasaka. Daftari la shilingi mia tano linaweza. Pili, yule muuguzi wa zahanati awe na mahali pa kuandika neno "boti". Neno moja. Siku mtu akija na daftari la zahanati zote za kando ya ziwa, atajua kuna boti fulani inaangusha watu kila mwezi kabla haijaua.

Nahodha atakataa, najua sababu. Ukiandika majina 34 na ubavuni pameandikwa 25, umeandika ushahidi. Hapo ndipo penyewe. Kutohesabu si uzembe wa bahati mbaya, kuna mtu analipwa na ule ujinga, nauli tisa za ziada kila safari.

Nilijaribu mwenyewe. Mwaka jana jamaa walinialika tena, boti nyingine, ufukwe ule ule. Nikaomba karatasi, nikapata kipande cha boksi la biskuti, nikaandika majina yote, 28. Nahodha akaniuliza kama mimi ni polisi. Abiria mmoja akasema naleta mkosi, kwa nini naandika watu kama wa msibani. Nikakiacha kile kipande kwa mama mmoja anayekaanga mihogo pale pale mchangani, nikamwelekeza, mama shikamoo, jua likizama hatujarudi mwonyeshe mtu yeyote.

Tulirudi salama, wote 28. Nikamfuata mama kuchukua karatasi yangu. Alikuwa ameshafungia mihogo ya mteja.